Cheti Kilichofia Mikononi mwa Shemeji

Kama wiki jana hukunisoma, nitakupa kwa ufupi. Aibu haiharibiki kwa kusimuliwa mara mbili.

Mimi ndiye niliyekuwa mlezi wa seva katika kampuni inayotunza tovuti za watu: maduka, shule, kumbi za harusi, kliniki. Kazini waliniita Mama Seva. Kwa upole wangu, au tuseme kwa ujinga wangu, nikamtafutia kazi mdogo wa mume wangu, kijana aliyekuwa amemaliza masomo na kumaliza pia sofa langu kwa kulilalia. Nilimwombea kwa Mkurugenzi kwa mdomo wangu huu huu.

Akapewa meza. Akapewa kiti cha kuzunguka. Kiti hakijapata joto, akataka aitwe Injinia.

Kisha akasimama mbele ya mkutano wa kampuni nzima na kutangaza kwamba amekamata mdudu ndani ya seva. Mdudu huyo, alisema, huamka mara mbili kila siku, kila mara dakika tofauti, anafanya mambo yake, anarudi kulala. Na aliyempandikiza ni mimi, shemeji yake.

Mlinzi akanisindikiza mpaka barabarani. Hapo ndipo tulipoachana, wewe na mimi.

Sasa nikwambie huyo mdudu ni nani, ucheke kabla hujasikitika.

Kila tovuti inayojiheshimu ina cheti cha usalama. Ndicho kinachoihakikishia simu yako kwamba hapa umefika kwa mwenyewe, si kwa tapeli, na kwamba mnayoongea hayasikiki njiani. Lakini cheti hakiishi milele. Kinaishi miezi michache, kinakufa, na kikifa simu yako inakuletea ukurasa mwekundu: hapa si salama, rudi ulikotoka.

Ndiyo maana seva huwekewa ratiba. Programu ndogo inaamka, inakiuliza cheti, "Umebakiza umri gani?" Umri ukiwa mrefu, inarudi kulala. Ukibaki kama mwezi, inakwenda yenyewe kwa watoaji vyeti, inathibitisha kwamba tovuti ni yetu, inachukua kipya, kisha inaigutua seva ivue cha zamani ivae kipya. Mtu hahitajiki. Uzuri wake ndio huo, mtu hahitajiki.

Na kuamka dakika tofauti? Ni makusudi. Seva zote za dunia zikibisha hodi kwa watoaji vyeti kwa wakati mmoja, mlango utang'oka. Kwa hiyo kila moja hucheleweshwa kidogo kwa bahati nasibu. Ni adabu ya foleni tu.

Adabu hiyo ndiyo shemeji yangu aliyoiita wizi.

"Kitu halali kina saa yake," alisema mkutanoni, kidole kimeelekea dari. "Kinachobadilisha saa kinajificha."

Mkurugenzi, ambaye ujuzi wake wa kompyuta unaanzia kwenye kuizima na kuishia kwenye kuiwasha, akapiga makofi.

"Mkurugenzi," nikasema, "hiyo ndiyo inayofanya upya vyeti. Ikizimwa, tovuti zitakufa moja baada ya nyingine."

"Umesikia?" Injinia akamwambia. "Sasa anatutishia."

Wakaizima. Nami wakanizima.

Nyumbani nilitarajia bega la kuegemea. Nilimkuta mume wangu anakata kucha za miguu.

"Injinia ana bidii," alisema baada ya kunisikiliza. "Labda uliweka kitu, ukasahau."

"Na wewe unamwita Injinia?"

"Si ndicho cheo chake?"

"Alichopewa na nani?"

Akahamia mguu wa pili.

Mama mkwe ndiye aliyenikata maini zaidi. Tunaishi naye, chumba cha nyuma. Figo zake zilishachoka, na damu yake husafishwa kwa mashine kliniki. Siku zote tulikuwa tunataniana mimi na yeye kama mashoga. Baada ya mkutano ule akanyamaza. Nikimsalimia anaitikia kwa kichwa. Nikimwekea chakula anasema asante kama mgeni. Mwanawe kasema mkwe ni mwizi, basi mkwe ni mwizi.

Nami nikanuna. Kununa ninakujua, nisikufiche.

Nikakaa kusubiri kifo. Nilichokuwa nimeonyeshwa pale mkutanoni ni seva moja, yenye duka la fanicha na kumbi za harusi, na siku ya kufa kwa cheti cha lile duka nilikuwa naijua kama watu wanavyojua siku ya mshahara. Niliwaonya mbele ya mashahidi. Sikuona sababu ya kuwaonya tena.

Siku ilipofika nikafungua tovuti ya fanicha kwenye simu. Nyekundu! Nyekundu kama pilipili.

Jamani, nilicheka peke yangu jikoni mpaka nikashika meza. Nikapika chai, nikaitia sukari ya watu wawili. Mwenye duka la fanicha ana kelele kuliko radio, na nilijua huko kazini simu zinalia. Baadaye nikasikia Injinia alimjibu kwamba ni hitilafu ya mtandao wa dunia nzima. Dunia nzima! Debe tupu haliachi kuvuma.

Nilifurahi siku kadhaa. Niliamka na furaha, nikalala nayo.

Hata mchana mmoja mama mkwe akaja jikoni mwenyewe, anaburuta kandambili. Hakukaa. Alinyoosha simu yake kama mtu anayerudisha kitu cha watu.

"Mkwe," akasema, "hii imekuwa nyekundu."

Neno la kwanza, ukiacha asante, tangu tununiane. Nikaipokea. Ilikuwa tovuti ya kliniki.

Kikombe changu cha chai nikakisukuma pembeni.

Kumbe Injinia hakuishia kwenye seva moja. Baada ya kupigiwa makofi alipita seva zote, moja moja, akiua "wadudu", kama mtu anayepita nyumba anazima taa na kudhani anapunguza moto. Mkuki kwa nguruwe. Ulikuwa umefika kwa binadamu, na binadamu mwenyewe anaishi chumba cha nyuma.

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu juzi."

"Juzi! Na zamu yako ya jana uliithibitishaje?"

Maana pale kliniki mgonjwa huthibitisha zamu ya mashine kwenye tovuti siku moja kabla, mwisho adhuhuri. Asiyethibitisha, mfumo unampa mashine yake aliye kwenye foleni. Mashine ni chache, wagonjwa ni wengi.

"Sikuthibitisha," akasema. "Jana sikwenda. Na hata ya kesho sijathibitisha."

Nikatazama saa ya ukutani. Adhuhuri ilishapita. Nikatazama miguu yake. Kandambili zilikuwa zimebana nyama. Jana mimi nilishinda mjini kutafuta kazi, mume wangu alishinda kazini, na mwanamke huyu alishinda chumbani akivimba bila kumwambia mtu.

"Lakini Mama, pale chini pana pa kubonyeza uendelee hata hivyo. Kwa nini hukuendelea?"

Akanitazama kama anayenionea huruma.

"Si wewe ndiye uliyenifundisha? Ulisema nikiona ukurasa mwekundu, nitoke mbio, nisibonyeze kitu. Nikatoka."

Msomaji, kuna makofi yanayopigwa kwa mkono, na kuna hayo.

Nikamfunga kanga ya pili, tukaita teksi.

Ukumbi wa kliniki ulikuwa umejaa. Wazee kwa vijana, miguu imetuna, kila mmoja ameshika simu nyekundu. Matroni, mwanamke mnene mwenye miwani inayoning'inia kwa kamba, alikuwa amesimama katikati yao kama refa aliyepoteza filimbi.

"Nimepiga simu kampuni," akaniambia. "Injinia wenu anasema tatizo ni simu za wagonjwa."

"Zote?"

"Zote. Eti wazinunue mpya."

"Basi waandike zamu kwa mkono, Matroni."

"Zamu zilishagawiwa na mfumo, na dawa za kila mashine zinaagizwa humo humo. Kuingia nibadilishe siwezi. Kompyuta ya ofisini Injinia aliiwekea ulinzi, kwenye ukurasa mwekundu haipiti hata kwa dua."

"Na waliopata zamu za kesho wamezipataje?"

Mzee mmoja, muuza vipuri vya magari, akainua mkono kutoka kwenye benchi. Alikuwa na afya ya kuudhi.

"Mimi nimepata. Mimi sisomisomi. Kikitokea kitu nabonyeza tu."

"Na ukaandika neno lako la siri humo?"

"Nikaandika. Si lile lile la benki?"

Ndivyo dunia ilivyogawa haki siku hiyo. Wazembe wamepata mashine, watiifu wamevimba miguu. Nikamwacha mama mkwe chini ya macho ya Matroni nikaenda kazini kwangu kwa zamani.

Mlinzi wa getini alikuwa yule yule aliyenitoa.

"Mama Seva, niliambiwa usipite."

Kabla sijamjibu, dirisha la ghorofani likafunguka na kichwa cha Mkurugenzi kikachomoza, tai imelegea.

"Mpishe! Mpishe haraka! Apite!"

Injinia alikuwa kwenye meza yangu. Kwenye kiti changu, nikwambie ukweli, maana kile cha kuzunguka alikuwa ameshakivunja. Jasho linamtoka, kidole kinabonyeza pale pale, pale pale.

"Unafanya nini?"

"Naomba cheti kipya kwa mkono. Hawa watoaji wana matatizo."

Nikasoma kioo. Watoaji vyeti walikuwa wameandika wazi kwamba majaribio yaliyoshindwa yamezidi, mwombaji asubiri.

"Hawana matatizo. Wamekuchoka. Ukiomba cheti, wao huja kubisha hodi kwenye seva yetu kuhakikisha ni yetu kweli. Walipokuja wamekuta mlango wanaobisha wao umefungwa. Nani kaufunga?"

"Mimi. Baada ya lile la fanicha. Kuzuia wezi."

"Umewazuia wezi, umemzuia na mkunga."

Nikamwondoa kwenye kiti. Nikafungua ule mlango. Lakini watoaji vyeti walikuwa wameshafunga wa kwao, na wao hawabembelezwi. Ilibidi tusubiri kama saa nzima ndipo waturuhusu kuomba tena.

Kusubiri na watu uwadharauo katika chumba kimoja ni adhabu. Mkurugenzi akaniletea soda, akaifungua mwenyewe, akaifuta mdomo kwa leso yake. Sikuigusa.

"Mama Seva," akasema kwa sauti ya asali, "haya mambo yakiisha, tutakaa tuzungumze."

"Tuzungumze sasa, muda tunao. Waite wote walionipigia makofi ya kuniaga. Simama mbele yao useme niliyoyasema yalikuwa kweli."

"Aa, tusifukue makaburi."

"Kaburi bado halijachimbwa, Mkurugenzi. Tuombe Mungu lisichimbwe. Mama yake huyu yuko kliniki, amevimba mpaka magotini."

Injinia akageuka kama aliyemwagiwa maji.

"Mama yupi?"

"Kwani una wangapi?"

"Mama jana si alikwenda kliniki?"

"Hakwenda. Simu yake ilikuwa nyekundu. Na kesho pia hana mashine. Mwambie anunue simu mpya."

Ningependa kukuambia kwamba nilijisikia vizuri. Nilikuwa nimeisubiri sura ile kwa wiki nyingi, sura ya mtu aliyeporomoka. Ilipokuja haikuwa na utamu wowote. Alikaa sakafuni, mgongo ukutani, Injinia mzima, akatazama viatu vyake. Alionekana kama yule wa kwenye sofa langu.

"Wakati ule sikujua kliniki imo," akasema. "Niliziua zote bila kusoma majina."

Mkurugenzi akainywa ile soda mwenyewe.

Muda ulipotimia nikaomba cheti. Mara hii watoaji walikuja, wakabisha, wakafunguliwa. Cheti kikatoka.

Mkurugenzi akafungua tovuti ya kliniki kwenye simu yake.

"Bado nyekundu!" akapiga kelele. "Bado!"

Injinia akainuka. "Nilijua. Watoaji hawa..."

"Nyamaza. Cheti kipya kiko kabatini, seva bado imevaa kile cha zamani. Haijaambiwa ibadilishe."

Nikaigutua. Ukurasa ukafunguka mweupe, na maandishi ya kliniki yakatokea kama kawaida, kama hakuna aliyekuwa anakufa. Kisha nikapita seva zote, moja moja, nikarudisha ile ratiba.

Nyuma yangu Mkurugenzi alikuwa ameshaanza kumwamuru katibu wake kwa sauti:

"Andika hivi kwa wateja wote. Tatizo lililosababishwa na mtandao wa dunia limetatuliwa na timu yetu mahiri, ikiongozwa na Injinia."

Nikacheka. Kuna dharau ukiisema unaipunguza. Nilichukua mkoba wangu nikatoka.

Injinia akanifuata ngazini.

"Shemeji. Simama kidogo."

"Mama yako ananisubiri."

"Nilijua si mdudu."

Nikasimama.

"Unasema?"

"Nilisoma maelezo yake yote kabla ya ule mkutano. Nilijua ni ya vyeti. Nilijua ni yako na ni halali." Alikuwa ameshika reli ya ngazi kwa mikono miwili. "Nilidhani nitawasha tena baada ya siku chache, baada ya wewe kuondoka. Halafu nikawa naogopa. Ningemwashaje mdudu niliyemuua mbele ya watu?"

"Nilikukosea nini mimi?"

"Hujanikosea."

"Basi kwa nini?"

"Usiniulize mimi, shemeji. Uliza nyumbani."

Akapanda ngazi mbio, na hakugeuka.

Matroni alikuwa ameshaingia kwenye mfumo nilipofika. Mungu ambariki mwanamke yule, aliongeza zamu ya jioni kwa waliopewa mashine za wenzao, hakumwacha mtu. Mama mkwe akarudishiwa mashine yake ya asubuhi. Alilazwa pale pale kwenye uangalizi, amewekewa mto chini ya miguu.

Nilimpigia mume wangu, nikamweleza kwa ufupi. Akasema atakuja. Akauliza mama anaendelea vipi. Hakuuliza mimi ninaendelea vipi, wala aliyezima ni nani.

Asubuhi nilikaa kando ya kitanda. Mashine ilikuwa inanguruma taratibu, damu ya mama mkwe inatoka kwa mrija mmoja, inarudi kwa mwingine. Uvimbe wa uso ulianza kupungua. Muuza vipuri, kitanda cha pili, alikuwa anakoroma kwa raha zote.

"Mkwe," mama akasema bila kufumbua macho.

"Naam, Mama."

"Unadhani nilikununia kwa sababu nilikuona mwizi."

"Ndivyo nilivyodhani."

"Nilikuwa siwezi kukutazama usoni." Akafumbua macho, akayaelekeza darini. "Mwanangu mdogo si mwerevu, lakini si mbaya. Lile jambo halikutoka kichwani mwake. Alitumwa."

Nikasogeza kiti. "Na nani, Mama?"

"Walikaa chumbani kwangu wakadhani nimelala. Yule mdogo alikataa. Akasema, shemeji ndiye aliyenipa kazi. Yule mkubwa akambembeleza mpaka akakubali."

Mashine ikaendelea kunguruma. Mimi nilikuwa bado nahesabu wana alionao mwanamke huyu, kana kwamba ningepata wa tatu.

"Mume wangu?"

"Nilitaka kukuambia siku ile ile. Alipojua nilisikia, akaniapisha nisiseme." Mkono wake usio na sindano ukanitafuta juu ya shuka. "Lakini juzi, nilipoona miguu inavimba, nikajiambia, nikifa na neno hili nitalijibu mimi, si yeye."

"Kwa nini, Mama? Alitaka nini?"

Alikuwa anatazama nyuma yangu.

Nikageuka. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, amefika kimya kimya. Sijui alikuwa amesikia kuanzia wapi, lakini uso wake ulitosha.

"Ni wewe?" nikamuuliza.

Hakunitazama mimi. Alimtazama mama yake, na sauti aliyotoa sikuwahi kuisikia katika ndoa yetu yote.

"Mama," akasema, "umemwambia lote, au nusu?"